Mtu wa Nusu Uwanja

Kocha hakuwahi kununua kitu kimoja. Alinunua ndizi mbili, chupa mbili za maji, sandwichi mbili, kisha akamtafuta mtu wa kumpa ya pili. Asipompata, aliiacha juu ya benchi kama anayeweka sadaka. Mama alimpenda kwa hilo. Mimi pia nilimpenda kwa hilo, miaka sita mizima, na nataka liandikwe hapa mwanzo kabla sijafika kwenye yale niliyokuja kuyasema, asije mtu akadai kwamba sikumtendea haki. Maana nililipa kisasi kwake, na nimelifikiria jambo hilo kwa pande zote, labda kwa pande nyingi kuliko lilizonazo.

Alitoka Kanada. Mji gani na wazazi gani, sijui, na sikuuliza. Nilichojua ni kwamba alicheza tenisi kwa kulipwa zaidi ya miaka kumi na tano, na kwamba katika miaka hiyo yote hakuwa na uwanja mzima wa kwake hata siku moja. Alikuwa mchezaji wa wawili-wawili tu. Wapo wachezaji ambao dunia inawaita kwa majina yao ya kwanza; yeye alikuwa wa wale wanaopangiwa kiwanja cha mwisho, karibu na vyoo, mbele ya watazamaji waliokuja kupumzisha miguu. Alisimulia kwamba siku aliyofika mbali kuliko zote, kwenye nyasi za hapa Landani, nusu fainali, mwanamke mmoja mstari wa mbele alimwomba asogee kidogo apite kwenda kununua aiskrimu.

"Nikampisha," alisema. "Tulikuwa tunaongoza."

Alikaa mtaa wa Tooting, juu ya duka la viungo, na ngazi yake ilinuka bizari mpaka juu. Ukutani alikuwa na picha moja tu ya enzi zake, imekatwa kwa mkasi. Yeye yuko upande wa kulia, kijana, nywele nyingi, ameshika kikombe kwa mkono mmoja. Upande wa kushoto kilibaki kiwiko tu. Binamu yangu Zuhura, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na mlango, alimwuliza hicho kiwiko ni cha nani.

"Cha mtu mmoja," alisema Kocha.

"Na huyo mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Kwenye jaa."

Mimi na Zuhura tulikuwa na miaka kumi na moja tulipomkuta kwenye viwanja vya bure vya bustani, karibu na kwetu Peckham, anafundisha watoto wa majengo yetu bila kudai chochote. Hakutuita majina. Alituita kwa pande za uwanja. Zuhura alikuwa Kulia, mimi Kushoto. Sisi ndio tulimfundisha maneno hayo, pamoja na "yangu" na "yako", kwa sababu tulipiga kelele hizo kwa Kiswahili na wapinzani wetu hawakujua nani anakwenda kwenye mpira. Alifurahi kama mtoto. Akaanza kupiga kelele hizo yeye mwenyewe kutoka nje ya uzio wa waya, kwa matamshi ya ajabu, na wazee wa Kinaijeria waliokuwa wakipita na mifuko ya soko walisimama kumtazama.

Alikuwa na tabia ya kuweka mkono nyuma ya mgongo. Kwenye mchezo wa wawili, anayesimama karibu na neti humpa ishara za vidole mwenzake aliye nyuma: vidole viwili maana yake nitakata njia; ngumi, nitakaa hapa hapa. Yeye alifanya hivyo hata kwenye foleni ya posta. Ukisimama nyuma yake ungeviona vidole vinafunga na kufungua, vinamwambia jambo mtu asiyekuwepo. Zuhura alizoea kusimama nyuma yake na kunong'ona "ndiyo, Kocha," nasi tukacheka mpaka tukatolewa nje.

Kanuni zake zilikuwa chache na hakuzieleza mara mbili. Usimtazame mwenzako baada ya yeye kukosea, kwa sababu ataliona jicho lako wiki nzima. Usiombe radhi uwanjani. Na mpira wa katikati ni wa Kushoto, maana aliyesimama kushoto ndiye mwenye mkono wake wa nguvu upande wa kati. "Mpira wa katikati hauna mjadala," alisema. "Una mwenyewe." Mwenyewe alikuwa mimi. Niliyabeba maneno hayo kama msichana aliyepewa funguo za nyumba.

Sasa yule mwenye kiwiko. Alitusimulia habari zake siku moja ya mvua, tumejibanza ndani ya kibanda cha mtunza bustani. Walicheza pamoja miaka sita. Walilala chumba kimoja hotelini katika nchi nyingi, na kila usiku Kocha alimkanda bega la kulia kwa dawa, kwa sababu lilikuwa bovu na hawakutaka mtu mwingine ajue. Zamani hizo kila jozi ilipaswa kufika mezani na kusaini, wote wawili kwa mkono wao, kabla ya saa iliyowekwa. Asubuhi moja Kocha alifika mezani, akachukua kalamu, akangoja. Alingoja mpaka karani akamwonyesha saa. Mwenzake alikuwa ameshasaini kwenye karatasi nyingine na mtu mwingine, tangu mapema, kisha akaenda kunywa kahawa.

"Nilikuwa bado nimeshika kalamu yao," alisema. "Karani aliniomba nimrudishie."

Alisema hakuna kilichowahi kumuuma kama ile nusu saa ya kusimama mezani, hata talaka yake. Miaka miwili baadaye alipangwa kucheza dhidi ya mtu huyo. Mchezo mzima alimpigia mipira ya juu, mmoja baada ya mwingine, ili ainue lile bega. Kufika seti ya pili mtu yule alikuwa akipiga huku anauma meno. Kocha alishinda, akampa mkono kwenye neti, akamwambia apake dawa.

Tulikuwa na miaka kumi na mbili. Zuhura alipiga makofi. Mimi sikulala vizuri siku kadhaa, nikiwaza ni nani anayejua panaponiuma.

"Ukijua mwenzako anaumwa wapi," alitwambia, "usisahau."

Kocha huyo huyo alikuja kwenye maziko ya bibi yetu, akasimama nyuma kabisa ndani ya msikiti ameshika viatu mkononi kwa saa nzima kwa sababu hakujua vinawekwa wapi na aliona haya kuuliza. Alifunga nyuzi za raketi zetu bila malipo. Majira yale ya baridi Mama alipougua, naye kazi yake ni kutunza wazee wa watu na hana wa kumtunza yeye, Kocha alimpeleka hospitali kila Jumatano kwa gari lake bovu na kumngoja kwenye maegesho akisoma gazeti. Tangu hapo Mama alimwita Baba Kocha, na kila Idi sahani yake ya pilau ilitengwa kabla ya sahani ya mtu yeyote mwenye damu yetu.

Kwa hiyo msinielezee mimi wema wake. Naujua.

Tulipokuwa na miaka kumi na saba, mimi na Zuhura tulifika fainali ya mashindano ya vijana ya kusini mwa jiji. Pointi ya mwisho mpira ulikuja katikati. Haukuwa mgumu. Niliuona unatoka kwenye raketi ya yule msichana, nikaona utakapotua, na nikawaza: Zuhura yuko karibu zaidi. Halafu nikawaza: lakini ni wangu. Halafu nikawaza kwamba nikienda na yeye akaja tutagongana. Mpira ukapita baina yetu. Hakuna aliyesema "yangu".

Kocha hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Alinipa ndizi na kuniambia, kwa sauti ya daktari, "Hukukosea kupiga. Ulifikiri."

Wiki tatu baadaye palikuwa na mashindano makubwa zaidi, yale ambayo makocha wa vyuo vya Marekani walikuja kutazama. Nilifika asubuhi na mapema, nimevaa sweta ya Mama kwa sababu ya baridi, nikaenda mezani kusaini. Karani akapitisha kidole kwenye orodha. Akaniambia kwamba Zuhura alikwisha kusaini, na msichana mwingine, mrefu, wa klabu ya kulipia. Akaniuliza mimi ni nani. Nikatafuta kwa macho. Kocha alikuwa kwenye waya, amenipa mgongo, mkono wake uko nyuma, vidole vimefunga ngumi.

Zuhura alijua tangu siku iliyotangulia; Kocha alimwambia. Alilia sana, baadaye, na nilimsamehe, kwa sababu ni mtoto wa mjomba na kwa sababu mtu hawezi kuwa na hasira na kila mtu, nimejaribu. Walishinda. Makocha wa Marekani waliandika jina lake. Leo yuko huko, ana shahada, ana kazi ya kufundisha, na kila mwaka humtumia Kocha kadi ya siku ya kuzaliwa. Mimi niliweka raketi chini ya kitanda, nikasoma, nikahitimu, na sasa naandika barua za kuomba kazi ambazo nazisoma mara tisa kabla ya kuzituma na mara tisa baada ya kuzituma.

Kocha hakuniambia neno. Hakuniambia siku ile, wala Idi iliyofuata alipokuja kuchukua sahani yake na kuniuliza masomo yanakwendaje.

Alinipigia simu kiangazi kilichopita.

"Kushoto," alisema, bila salamu. "Una raketi bado?"

Alieleza haraka, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Klabu moja ndogo, si mbali na kwake, ilikuwa na mashindano ya kufunga msimu: jozi za mzee mmoja na kijana mmoja, kwenye nyasi. Washindi huandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa mbao sebuleni mwa klabu. Hakuwahi kushinda chochote kwenye nyasi za Landani maishani mwake. Msimu wa mapukutiko angefanyiwa upasuaji wa bega, na daktari alimwambia baada ya hapo asahau kuinua mkono juu ya kichwa. Kwa hiyo ni safari hii au basi. Alitaka mimi nisimame kushoto.

Nikasema sawa. Nilikata simu, nikakaa kwenye ngazi za jengo letu kama saa moja nikitafuta maana ya kila neno. Labda hii ndiyo radhi yake, niliwaza. Labda watu wa aina yake huomba radhi kwa kukuchagua.

Tulifanya mazoezi Jumamosi sita. Bado alikuwa fundi. Alikuwa na mikono laini mbele ya neti, mpira ukimgusa ulilala. Mkono wake wa kulia haukupanda vizuri, na akipiga mpira wa juu alitoa sauti ndogo ya pua ambayo alidhani siisikii. Nilimpa nafasi tatu za kuitaja siku ile, nilizihesabu. Ya kwanza nilisema kwamba sijacheza tangu nina miaka kumi na saba. Akasema inaonekana kwenye magoti yangu. Ya pili nilikuja nimevaa sweta ya Mama. Akasema nitaona joto. Ya tatu nilimwuliza moja kwa moja yule msichana mrefu aliyecheza na Zuhura yuko wapi siku hizi.

"Alioa daktari wa meno," alisema, akijaribu Kiswahili chake, kisha akajisahihisha, "aliolewa. Pigo lake la mkono wa nyuma lilikuwa zuri sana yule."

Nikarudi nyumbani na basi, nikamwambia Mama kwamba nimechoka. Nilijua panapomuuma. Alinionyesha mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mbili.

Siku ya mashindano, kusaini kulifungwa saa nne asubuhi. Saa tatu nilishuka basi ng'ambo ya barabara, nimevaa nguo za kuchezea, raketi mgongoni, nikaketi kwenye kituo cha basi. Kutoka pale, kupitia waya wa klabu, niliiona meza nje kwenye majani, mwanamke mzee mwenye kofia pana ameketi nyuma yake, na Kocha amevaa nyeupe tupu kama bwana harusi. Alifika kabla yangu.

Sikuwa na hakika. Nataka hilo lijulikane. Mara mbili nilisimama. Nilijiambia nikivuka sasa, hakuna litakalojulikana, tutacheza, pengine tutashinda, na jina lake litakaa kwenye ule ubao. Halafu basi likaja likasimama baina yetu, na lilipoondoka nikamwona ameshachukua kalamu.

Mwanamke mwenye kofia alimsogezea kiti. Alikikataa. Alitazama geti, akatazama saa, akaweka mkono nyuma ya mgongo. Simu yangu ikatetemeka kwenye mkoba, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Jozi nyingine zilikuja, zikasaini, zikamgusa bega kwa utani, akacheka nazo. Ilipobaki dakika tano aliacha kucheka. Ilipofika saa nne yule mwanamke alimsemesha kwa upole, akachukua rula, akapiga mstari kwenye karatasi. Ile rula sikuitarajia. Kisha akanyoosha mkono, na Kocha akamrudishia kalamu.

Ndipo nilipovuka barabara. Ningeweza kurudi nyumbani na kusema treni zilikwama. Jijini hapa hakuna asiyeuamini uongo huo. Lakini yeye aliniambia kwa mgongo, na mimi nilitaka kumwambia kwa uso.

"Umechelewa," alisema aliponiona.

"Sikuchelewa. Nilikuwa pale kituoni tangu saa tatu."

Alikitazama kituo, akaitazama raketi yangu, akanitazama mimi. Niliona anapiga hesabu yake, na haikutimia.

"Umesaini na nani?"

"Sijasaini na mtu."

"Mtu haachi mwenzake bure. Lazima kuna mwingine."

"Hakuna mwingine, Kocha. Ni kwa ajili ya siku ile ya Zuhura."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua nitasema nini akisema hakumbuki, na nini akikasirika, na nini akiomba radhi. Hilo la mwisho nililiandaa zaidi kuliko yote. Yeye aliketi kwenye kile kiti alichokikataa.

"Ulivaa sweta ya kijani," alisema. "Ya mama yako. Mikono umeikunja mara mbili. Nilikuona ukimsogelea yule karani, nikageuka."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ungelia. Zuhura angekuonea huruma akakataa, na angebaki hapa. Mmoja wenu alikuwa na pa kwenda." Akainua uso. "Ningefanya tena."

"Na mimi pia. Hata kesho."

Alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba tumekubaliana juu ya alama. Uwanjani jozi ya kwanza ilikuwa imeanza kupasha, babu mmoja na mjukuu wake, wanapiga mipira hovyo. Kocha aliwatazama bila kuwaona. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika bega la kulia.

"Inauma kuliko nilivyokumbuka," alisema.

Hakulisema kunilaumu. Alilisema kama mtu anayeripoti. Na hapo neno likanijia mdomoni, lile neno letu dogo ambalo tunampa kila mtu, aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyebeba mzigo, hata asiyetuhusu, hata kama kosa si letu. Pole. Halina gharama. Yeye mwenyewe alilijua. Mama alimfundisha kwenye maegesho ya hospitali. Aliniangalia mdomo, nadhani alilingoja.

Nililimeza. Nikamwambia mchezo unaanza na kwamba nimezuia njia, nikatoka getini, nikavuka barabara.

Mama alikasirika niliporudi na kumwambia hatukucheza, akaniambia mtu mzima hangojeshwi. Nilimwacha aamini kwamba nilichelewa. Jioni alimpigia Kocha simu. Nilimsikia jikoni akimwambia pole sana, Baba Kocha, pole mno, Mungu atakujaalia mwakani. Na kwa jinsi alivyonyamaza, upande wa pili mtu alikuwa akizungumza kwa muda mrefu. Sijui alimwambia nini. Nilikuwa sebuleni. Nilichukua rimoti nikaongeza sauti ya televisheni.